Rajabu, flopu ile haikuwa yako

Tanga, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Rajabu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako nilimkuta juzi sokoni Ngamiani anagonganisha nazi sikioni, akaniuliza kama unakula vizuri huko Leicester. Habari ya karata sikumgusia. Angeniangukia mimi, maana ndiye niliyekufundisha ule mchezo wa wahedi wa sitini pale barazani kwenu.

Haya, tuje kwenye mkono wako wa poka wa Jumamosi. Ulikuwa na ree ya shupaza na mfalme wa uru, ukapandisha hadi peni 60, wakakufuata wawili: mwenye dau kubwa la lazima, na yule jamaa wa kiti cha mwisho anayecheza baada ya wote. Mzigo mezani ukawa peni 190. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani ambazo ni za wote, ikaja 9 ya kopa, 8 ya kopa, 7 ya maua. Wa kwanza akagonga meza, yaani akapita bila kuweka dau, wewe ukaweka 140, wa mwisho akapandisha mpaka pauni 4, ukatupa karata. Sasa unanilalamikia kwamba ree na mfalme zimekusaliti.

Hazikukusaliti, kaka. Ulipoweka zile peni 140 ulikuwa bado unacheza karata za mwanzo, na mezani zilikuwa zimeshatua tatu nyingine. Ulisema moyoni, "mimi ndiye niliyepandisha, basi lazima niendelee." Si ujinga mtupu, tabia hiyo ina asili yake: mtu mwenye karata mbili zisizo jozi hukosa flopu kama mara mbili katika tatu. Ukibaki na mpinzani mmoja, mara nyingi naye kakosa kama wewe, na anayeweka dau kwanza ndiye anayebeba.

Ila wewe ulikuwa na wawili. Theluthi mbili mara theluthi mbili ni nne ya tisa, yaani wote wawili wanakosa kama mara 44 katika 100. Na kuhatarisha 140 ili upate 190 kunataka wote watupe zaidi ya mara 42 katika 100, ndipo usile hasara. Kwa hiyo hata kwa flopu ya kawaida ulikuwa unatembea juu ya kamba. Hii haikuwa ya kawaida hata kidogo.

Hebu fikiria ni nani analipa peni 60 kukufuata wewe uliyepandisha. Ni mwenye jozi ndogo, mwenye 10 na ghulamu, mwenye 9 na 8, mwenye ree na karata nyingine, zote za kopa, anayewinda kopa tano. Wote hao wakiona 9, 8, 7 na kopa mbili, roho zinacheza ngoma. Hata aliyekosa jozi hajakosa kabisa: akiwa na 10 moja tu, au 6 moja tu, tayari anangoja mfuatano wa karata tano, juu au chini. Mtu wa namna hiyo hatupi kwa 140. Na wewe huna kopa hata moja, huna hata mfuatano wa kuungaunga. Pale ungegonga meza tu, mtu akiweka dau unatupa, unalala na pauni yako na peni zake.

Sasa badilisha. Una ree na malkia, umekosa vilevile, lakini flopu ni mfalme, 7 na 2, kila moja rangi yake. Hapo mimi naweka, tena kidogo tu, theluthi ya mzigo. Dau la theluthi linatosha likifanikiwa mara moja katika nne. Nani alilipa kuja kuona 7 na 2? Mfalme ninaweza kuwa naye mimi, wanajua, kwa sababu nilipandisha mwanzo. Mkwara wa karata ni kama mkwara wa mtaani: ukitaja kaka yako mwanajeshi, hakikisha mtaa mzima unajua kwamba unaye kaka. Kwenye 9, 8, 7 wewe ulimtaja kaka usiye naye.

Unanielewa? Kabla hujagusa pesa, jiulize flopu hii imemwangukia nani, kisha jiulize dau linakwenda kufanya kazi gani. Lifukuze karata nzuri kuliko zako, au lilipwe na mbovu kuliko zako. Juzi nilikuwa na jozi ya 9 mkononi, flopu ree, ghulamu, 5. Ningeweka dau kubwa, mwenye ree au ghulamu asingetoka, na mwenye vitakataka angekimbia. Nikagonga meza, mpinzani wangu naye akagonga, tukafika karata ya tano ya mezani bila kelele, jozi yangu ikala mzigo mdogo. Sikuona aibu.

Ukipata kweli ndiyo usiwe bahili. Wewe una tabia hiyo, nakukumbuka hata kwenye wahedi wa sitini ulikuwa unaficha turufu mpaka inaoza. Chukulia una ree na mfalme, flopu mfalme, 9, 6, na mbili kati ya hizo ni kopa. Mzigo pauni 3. Weka 2. Anayewinda kopa tano ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, kama mara 19 katika 100 kwa karata inayofuata, ilhali analipa 2 kugombea mzigo utakaofika 7, bei inayotaka ashinde mara 28 na ushee katika 100. Ukigonga meza unamwonyesha bure. Akiziona bure zote mbili zilizobaki, nafasi yake hufika 35 katika 100, na huo ndio usiku unaonipigia simu kulia.

Na ukiwinda wewe mwenyewe, weka dau bila woga: wakitupa umekula, wakifuata bado una njia.

Nikuambie na langu. Mwanzoni nilikuwa mwoga, naweka dau nikipata tu. Wenzangu wa kazini wakanipa jina Taa ya Barabarani: nikigonga meza, kijani, wanapita juu yangu, nikiweka, nyekundu, wote wanasimama. Miezi mizima sikulipwa jozi hata moja. Siku hizi nikipata karata tatu za namba moja kwenye flopu tulivu wakati mwingine nagonga meza kwa uso wa mtu aliyefiwa. Jina halijafutika, lakini sasa wanavuka kwa kuangalia pande zote.

Yule jamaa wa kiti cha mwisho anakusumbua kwa kuwa anacheza baada yako karibu kila mara. Kama sheria za nyumba zinaruhusu kuhama, hama ukae kushotoni kwake.

Shilingi za nazi nimemlipia mama yako, tutahesabiana ukirudi. Nitumie mkono mwingine wa Jumamosi ijayo, ila safari hii uniandikie kwanza karata za mezani na waliokufuata. Zako ziandike mwisho, nyuma ya karatasi.

Ni mimi nduguyo,
Kassimu