Gari binafsi Marekani nalo lina ukomo wa uzito

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu Waafrika Mashariki wanaoendesha malori Marekani. Mwandishi alieleza vizuri adha ya mizani, lakini akaongeza kwamba dereva huyo huyo akienda likizo na pikapu yake, akivuta trela la kulala, sheria ya uzito haimhusu. Inamhusu, ila inamfikia kwa njia nyingine.

Ni kweli kwamba ratili 80,000, yaani takriban tani 36, ambazo ndizo ukomo wa lori katika barabara kuu za kitaifa, hazifikiwi na familia inayokwenda kupiga kambi. Hata hivyo, hapa Texas pikapu na trela lake vikizidi kwa pamoja ratili 26,000 kwa ukadiriaji wa watengenezaji, na trela peke yake likizidi 10,000, dereva hutakiwa kuwa na leseni ya daraja A, ingawa si ile ya biashara. Breki nazo zina mipaka yake: Texas hulitaka trela liwe na breki zake likizidi ratili 4,500, ilhali California huanzia 1,500.

Kinachowaponza wengi, nami nikiwemo, ni kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wauza magari hutangaza uzito ambao gari linaweza kuvuta. Kibandiko hutaja uzito ambao gari linaweza kubeba, watu na mizigo kwa jumla, na humo umo pia uzito wa trela unaolalia kulabu ya nyuma, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela zima. Pikapu yangu imeandikwa kilo 700. Trela letu la kilo 3,000 liliilalia kwa kilo 390. Mimi, mke wangu na watoto wawili tukachukua 235. Zikabaki 75 tu kwa jenereta, kuni na sanduku la barafu, ambavyo vilizidi hapo kwa mbali. Niliyajua hayo kwenye mizani ya kulipia katika kituo cha malori, baada ya kushangaa mbona taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Kuni zilibaki pale pale, na lita 150 za maji ya kuoga, zilizokuwa kwenye tangi mbele ya ekseli ya trela, nilizimwaga mtaroni.

Ningefurahi iwapo makala ijayo ingekitaja kibandiko hicho, kwa sababu wengi wetu tulio huku hununua trela kwanza, kibandiko tukakisoma baadaye.

Msomaji wenu,
Houston, Texas