Mzumbe haikuzaliwa mwaka 2001

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaoandika kuhusu Chuo Kikuu cha Mzumbe, mkoani Morogoro, huanzia mwaka 2001 kilipopewa hadhi hiyo kwa sheria ya Bunge, ilhali mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa iliyofunguliwa mwaka 1953, enzi za Waingereza, ili kuwafunza machifu na watumishi wa tawala za wenyeji. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, jina ambalo wazee wengi, na sioni kosa lao, hawajaliacha. Leo kina kampasi Mbeya na Dar es Salaam. Upanuzi huo naunga mkono, mradi mafunzo ya serikali za mitaa, yaliyokizaa chuo chenyewe, yasisukumwe pembeni.

Msomaji,
Morogoro