Walakini: barua kwa mwanangu

Muleba, Kagera

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na kahawa ya msimu huu tumekwisha kuianika. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda shambani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu bila haraka.

Umeniambia kwamba huu ni mwaka wa nne tangu umalize chuo cha ualimu, kwamba maombi ya kazi umeyaandika mpaka umeacha kuyahesabu, na kwamba huko unakosali mhubiri alitamka mbele ya watu kuwa kijana asiyefunguliwa mlango ama ana dhambi anayoificha ama imani yake ni haba. Kisha ukaandika: "Baba, imani yangu sasa ina walakini, na wenzangu wanaporuka kwa furaha mimi najiona mwongo."

Juu ya mhubiri huyo sitasema mengi. Maneno kama hayo Ayubu aliambiwa na rafiki zake watatu, na mwisho wa kitabu chake Mungu aliwakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelalamika. Mzigo huo si wako, mwanangu; utue.

Lakini neno lako "walakini" sikuweza kulipita, kwa sababu lilinirudisha kwenye mwaka ambao sijawahi kukusimulia ipasavyo. Ulikuwa darasa la nne ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia katika kibanja chetu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na huenda unachokumbuka zaidi ni panga lililokuwa likichomwa motoni kila tulipotoka shina moja kwenda jingine. Ugonjwa huo ulionekana wilayani kwetu mwaka 2006, nasi kwa miaka kadhaa tulikuwa tukijipa moyo kwamba ungepita mbali. Siku moja nikaona majani ya migomba mitatu yamelegea na kuwa ya njano, na mkungu mmoja umeiva kabla ya wakati wake. Nilipozikata zile ndizi, ndani zilikuwa zimeoza, na shina lilipokatwa likatoa ute wa njano. Bwana shamba alitufundisha kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kung'oa kila mgomba ulioambukizwa. Mwaka haujaisha nilikuwa nimeng'oa karibu migomba yote, pamoja na ile aliyoipanda babu yako. Wewe ni mtoto wa Buhaya, kwa hiyo huhitaji kuelezwa kwamba kibanja ni chakula na ada ya shule, na kwamba humo ndimo walimolala wazee wetu.

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikusanya sadaka, nilitembelea wagonjwa, niliwaombea watu kwa sauti thabiti, na moyoni mwangu hapakuwa na kitu. Kwa miezi mingi sikuweza kuomba nikiwa peke yangu. Nilipiga magoti kando ya kitanda ili mama yako asitambue, nikanyamaza mpaka muda wa kawaida wa sala upite. Sikumkana Mungu. Nilihisi tu kwamba nilikuwa nikizungumza na nyumba ambayo wenyewe wamehama. Hili sikumwambia mchungaji wala mtu mwingine yeyote, na nasikitika kwamba sikukuambia wewe mapema, maana ungejua kwamba wewe si wa kwanza kuipita njia hii katika ukoo wetu.

Ikafika sikukuu ya mavuno, nami nikapangiwa kusoma somo. Nilikwenda kanisani mikono mitupu. Nilipofungua Biblia mahali palipowekwa alama nikakuta kitabu cha nabii Habakuki, sura ya 3, na ikanibidi kusoma mbele ya majirani waliokuwa wameng'oa migomba yao kama mimi: mtini hautachanua maua, mashamba hayatatoa chakula, vibandani hamtakuwa na ng'ombe. Sauti ilikuwa ikinikauka. Halafu nikalifikia lile neno: "Walakini nitamfurahia BWANA." Nilisimama hapo muda mrefu kiasi kwamba watu walidhani nimepoteza mstari.

Baadaye nilikisoma kitabu hicho chote, na nakuomba nawe ukisome, kwani ni sura 3 tu. Kinaanza kwa mtu anayemwuliza Mungu atalia hata lini asisikilizwe. Jibu analopewa linazidisha uchungu, kwa kuwa anaambiwa kwamba Wakaldayo, taifa kali la maadui, wanakuja. Hata hivyo haondoki; anasema atasimama katika zamu yake aone ataambiwa nini kuhusu malalamiko yake. Mtu huyu aliyeanza kwa kulalamika ndiye anayemaliza kwa kushangilia, na kati ya mwanzo na mwisho hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtini ulichanua. Walakini yako, mwanangu, haijakutoa nje ya kundi la waaminio. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na kijana wake akaponywa bila baba kuagizwa kwanza aondoe upande wa pili wa sentensi yake.

Siku ile baada ya ibada vitu vilivyotolewa vilipigwa mnada nje ya kanisa kama desturi yetu ilivyo: mihogo, maharage, mayai, kuku wawili. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kibanja chake kilikuwa kimeteketea kabla ya changu, alinunua fungu la viazi vitamu, akaliweka miguuni pa mama yako, akaenda zake bila kusema neno. Usiku huo tulikula viazi hivyo kwa maharage. Nilishukuru kwa chakula, na nilipofika katikati ya sala nikagundua kwamba nilikuwa nasema na Mtu, naye yupo. Furaha iliyonijia haikuwa ya kuruka. Ilikuwa ya kutulia, kama mtu aliyetua kuni baada ya mwendo mrefu. Kibanja kilikuwa bado kitupu. Tulisubiri miezi kadhaa ndipo tukapanda machipukizi safi, na mkungu wa kwanza tuliukata baada ya zaidi ya mwaka mmoja, nami nashukuru sana kwamba furaha ilitangulia mkungu huo, maana ingalikuja nao ningalidhani imetoka kwake.

Sitakudanganya kwamba mashaka hayajanirudia. Yamerudi, hasa baada ya tetemeko la Septemba 2016 lililopasua ukuta wa chumba chenu. Nimejifunza kuyapeleka mbele za Mungu yakiwa hivyo yalivyo, kwa maneno machache, badala ya kungoja yaishe ndipo niombe.

Njoo nyumbani sikukuu ya mavuno mwaka huu. Nauli mama yako ameitenga. Hakuna atakayekupangia kusoma wala kuongoza sala. Tutaketi pamoja benchi la nyuma, mimi nitaimba, na ukishindwa kuimba nyamaza tu, nitakushikia kitabu.

Nakuombea kila siku.

Baba yako