Mheshimiwa Waziri, fungueni Kasumbalesa kwa mama mwenye viroba viwili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara ya Nje, Kinshasa

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na vijana wetu wanafuata barabara hiyohiyo hadi Ndola na Lusaka. Wenye nauli wanafika Afrika Kusini. Wakubwa husema vijana wanadanganywa na wanayoyaona kwenye simu. Sikubali. Wengi ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mwaka 1986 kampuni ile ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba, na mfanyakazi alipata mshahara, mposho wa unga, hospitali na shule. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoshwa, wengi wakidai mishahara ya miezi mingi. Leo nchi yetu ni ya pili duniani kwa shaba, lakini mashine za migodi mipya zinahitaji mikono michache.

Kilichobaki kwa familia ni biashara ya mama. Anavuka kwenda Chililabombwe, upande wa Zambia, analeta unga na mafuta ya kupikia. Lori lina wakala wake wa forodha. Mama yuko peke yake mbele ya serivisi nyingi, kila moja na malipo yake, mengine bila risiti. Mtaji ukiisha anauza cherehani ili mwanawe apate nauli ya kuondoka. Hapo ndipo safari ya kijana inapoanza, Mheshimiwa, si kwenye simu.

Agosti 2024 tulizuia vinywaji kutoka Zambia, nao wakafunga mpaka. Wakubwa walielewana baada ya siku chache. Kwa anayezungusha pesa ya leo ili ale kesho, siku hizo zilitosha kuumaliza mtaji.

COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ambalo sisi ni wanachama, ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Tunaomba utaratibu huo ufanye kazi kweli Kasumbalesa: orodha ya bidhaa na ada ibandikwe getini kwa Kiswahili na Kibemba, malipo yawe dirisha moja, na risiti itolewe kila mara. Kabla ya kuzuia bidhaa yoyote, kaeni na wenzenu wa Lusaka, na wamama wa mpakani wawe na kiti pale.

Mwaka 2022 nchi hizi mbili zilisaini makubaliano ya kutengeneza betri pamoja. Tuambieni vijana wa hapa watafundishwa wapi, na kuanzia lini.

Kwa heshima,
Mama mfanyabiashara, Soko la Kenya, Lubumbashi