Sahani yako huko Mwanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kasulu, huku hatujambo. Sasa umepanga chumba huko Mwanga, mjini Kigoma, na unajipikia mwenyewe, na kazi yako ni ya kukaa kitini kutwa. Nakuomba uuzingatie ulaji wako kuanzia sasa.

Mwongozo wa taifa unataka kila siku ule kutoka makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta kidogo. Kigoma yote yapo sokoni. Kinachoharibika ni kipimo: ugali wa muhogo unajaa sahani, dagaa wachache wanausindikiza. Muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni ndogo kuliko hata ya mahindi, hivyo ndio unaodai kitoweo zaidi. Gawa sahani: nusu mboga na matunda, robo ugali, kiasi cha ngumi yako, na robo dagaa au maharage.

Dagaa nunua waliokaushwa kwenye chanja, wasio na mchanga wala harufu ya mafuta yaliyochacha. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, uwapike na nyanya na vitunguu, uwale wazima na mifupa yao, maana kalsiamu iko humo. Ukiwazamisha kwenye mafuta wanayanywa yote.

Mawese usiyamimine kutoka kwenye chupa. Pima kijiko kimoja cha chakula kwa mlo wako. Wekundu wake ndio unaoupa mwili vitamini A, na wanaoyachoma mpaka yapauke ili kuondoa harufu wanaiteketeza. Yapashe tu, tia kitunguu kabla hayajatoa moshi. Hata hivyo karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu, kwa hiyo wekundu usikufanye uongeze kijiko.

Mchicha uoshe kabla ya kukata, upike dakika chache. Kisamvu ni kinyume chake: kitwange kilainike kabisa, ukichemshe sana sufuria ikiwa wazi, ili sumu yake itoke.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye viungo vya pakiti, ambayo wengi hawaihesabu. Chagua yenye madini joto, ifunike vizuri, na uitie mwishoni, kwa sababu moto mrefu huyapunguza madini hayo.

Chai usiinywe pamoja na maharage, inazuia madini chuma. Subiri saa moja. Chungwa baada ya mlo husaidia madini hayo kuingia mwilini. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, basi kiu ikishika kunywa maji.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki au zaidi. Ukienda kazini shuka bajaji mapema, utembee dakika 30 siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Vilima vya Kigoma vinakusaidia hapo. Siku mbili ongeza kazi ya misuli: kuchuchumaa na kusimama, au kubeba ndoo. Na kila saa inuka kitini.

Nimempa konda wa basi la kesho asubuhi mfuko wa maharage, kaupokee stendi. Yaloweke usiku kucha na uyamwage yale maji, yataiva upesi na gesi itapungua.

Mama yako