Bei ya friji iandikwe pamoja na yaliyomo kwenye kibandiko chake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye maduka ya vyombo vya umeme wa Unguja na Pemba, wanunuzi wenzangu, na wale waliokabidhiwa jukumu la kusimamia viwango vya bidhaa katika visiwa vyetu. Ombi langu ni kwamba kila friji, friza, kiyoyozi na televisheni inayouzwa, ikiwa mpya au mtumba, iwekewe mbele yake karatasi ya Kiswahili yenye yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko chake cha nyuma au cha ndani, ili mnunuzi aweze kulinganisha chombo na chombo kabla ya kutoa pesa zake. Hivi sasa tunalinganisha bei, rangi, ukubwa wa kukisia kwa macho na jina la nchi kilikotoka chombo, na yote hayo hayamwelezi mtu namna chombo hicho kitakavyofanya kazi ndani ya nyumba ya Chake Chake mwezi wa Februari.

Nitazungumzia friji kuliko vyombo vyengine, kwa sababu friji halizimwi usiku wala mchana, na kwa familia nyingi ndilo ununuzi mkubwa kabisa wa umeme watakaoufanya kwa miaka. Ndani ya friji, mara nyingi ubavuni karibu na sanduku la mboga, au nyuma yake, pana kibandiko kidogo ambacho wengi wetu hatukitazami. Miongoni mwa maandishi yake mna herufi zinazoonyesha friji hilo limeundwa kwa chumba chenye joto la kiasi gani. Herufi SN ni za chumba chenye nyuzi 10 hadi 32 za Selsiasi, N ni nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T, ambayo ndiyo inayotufaa sisi, ni 16 hadi 43. Friji hufanya kazi kwa kulichukua joto lililomo ndani na kulitoa nje kupitia mabomba yake ya nyuma au ya ubavuni, na hewa ya jikoni ikiwa nayo imepata moto, joto hilo hutoka kwa shida na kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi ya friji, hunguruma bila ya kupumzika. Jiko lenye paa la bati, wakati wa kaskazi, na sufuria ya wali iko motoni, hupita nyuzi 32 bila ya taabu. Friji la N lililoletwa kutoka Ulaya linaweza kuwa zima kabisa, halina kasoro hata moja kwa kazi liliyoundiwa, na bado likamtesa mwenyewe hapa kwetu kwa maziwa kuchacha na uniti kumalizika.

Nimewahi kumsindikiza jirani yangu, mama anayeuza juisi na barafu, kwenye duka moja la mitumba mjini Unguja. Mafriji mawili yalisimama pamoja, moja jeupe linalong'ara na jengine limebonyea mlango. Kijana muuzaji akamwambia, "Mama, hili jeupe limetoka Uingereza, lichukue ufumbe macho." Tulipofungua na kumulika kwa tochi ya simu, jeupe lilikuwa N, na lile lililobonyea lilikuwa limeandikwa SN-T, maana yake linahimili kuanzia baridi ya kwao mpaka joto la kwetu, nalo ndilo lililokuwa na bei ya chini. Kijana alisogea akasoma pamoja nasi na kusema kwamba hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza herufi zile. Namwamini. Hakuwa akimdanganya mtu, kwani yeye mwenyewe hakuwa ameelezwa na yeyote, na bei zilipangwa kwa kutazama mlango.

Kibandiko hicho hicho, au karatasi yenye rangi iliyokuja na friji, hutaja umeme unaotumika kwa mwaka. Hapa pana mtego ambao wanunuzi wa mitumba ni lazima waujue. Ulaya ilibadilisha madaraja yake mwezi wa Machi 2021. Zile alama za A+, A++ na A+++ zilifutwa kwa mafriji, na badala yake yakapangwa upya kuanzia A hadi G kwa kipimo kikali zaidi, hata friji ambalo jana lilikuwa A+++ leo likajikuta katikati ya orodha. Kwa hiyo mtu anayeliona friji la zamani lenye A+ na jipya lenye E, akadhani la zamani ni bora kwa sababu lina A, anapotea. Herufi za orodha mbili tofauti hazilinganishiki. Kinacholinganishika ni idadi ya uniti kwa mwaka. Tuseme moja limeandikwa 180 na jengine 420. Tofauti ni uniti 240 kwa mwaka, yaani 20 kila mwezi, na kwa miaka mitano ni uniti 1,200. Mtu anayenunua umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, kidogo kidogo anazijua vizuri uniti 20. Azidishe hizo 1,200 kwa bei anayolipa, aongeze kwenye bei ya dukani, ndipo aseme lipi ni rahisi. Aidha azingatie kwamba vipimo vya lebo zile za zamani vilifanywa katika chumba chenye nyuzi 25, kwa hivyo hapa kwetu matumizi yatazidi yaliyoandikwa.

Kwa wenye friza za samaki na pweza, watazame nyota zilizochorwa kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18, na nyota nne ni friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri na pia inaweza kugandisha kitu kibichi kutoka mwanzo. Mtu anayetaka kuweka samaki wa mwezi mzima hafai kuuziwa nyota moja, hata akipunguziwa bei namna gani.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, hezi zikiwa ni idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Japani, ambako mitumba mingi inatoka, volti ni 100, na nchi hiyo hiyo imegawika, upande wa mashariki ukitumia hezi 50 na wa magharibi hezi 60. Chombo cha volti 100 kikichomekwa ukutani hapa huungua papo hapo. Muuzaji atasema nunua transifoma, na kwa redio ndogo si vibaya, lakini transifoma hubadilisha volti tu, haibadilishi hezi, nayo hula umeme wake na hupata moto. Kwa friji linalokaa kwenye umeme saa 24 ni gharama juu ya gharama. Kuhusu plagi, karibu kila nyumba yetu ina tundu za pini tatu bapa, na karibu kila nyumba utamkuta mtu anachomeka kijiti au ncha ya kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili za duara iingie. Pini ile ya juu ndiyo waya wa ardhi, unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Friji la bati lisilokuwa na waya wa ardhi, kwenye jiko lenye sakafu maji maji, na mtoto aliyetoka skuli akalishika pekupeku, ni hatari ya roho, na kubadilisha plagi ni kazi ndogo sana kwa fundi. Naona haya mwenye duka kuuza friji la laki kadhaa na kumwachia mnunuzi kijiti.

Umeme kukatika na kurudi nako kunaua kompresa. Pemba tumeungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na hali yetu ya leo haifanani na ile ya majenereta ya dizeli ya Wesha, lakini umeme bado hukatika na kurudi baada ya sekunde chache. Gesi ndani ya mabomba inakuwa bado ina msukumo upande mmoja, mota inajaribu kuanza na haiwezi, inapata moto na koili zake zinaungua. Ndiyo maana kile kidude kinachoitwa gadi, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha umeme na kuukata ukipanda au ukishuka mno, kingepaswa kuuzwa pamoja na friji kama vile sufuria inavyouzwa na mfuniko. Suala la gadi lina uzito zaidi kwa mafriji na viyoyozi vya inveta. Hivyo hupunguza matumizi kwa kweli, kwani mota huenda polepole badala ya kuzima na kuwaka, lakini vina kadi ya elektroniki isiyostahamili umeme unaoruka, na kadi ikiungua mara nyingi hubadilishwa nzima. Mimi nitamshauri mtu achukue inveta ikiwa ana gadi nzuri na anajua kadi inapatikana wapi. Asiyekuwa na uhakika na hayo mawili, achukue friji la kawaida lenye uniti chache.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tabu yetu hasa sisi wa Pemba. Vyombo vingi tunavinunua Unguja na kuvivusha kwa boti mpaka Mkoani au Wete. Friji hulazwa chini ili lienee, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na likifika nyumbani kila mtu ana hamu ya maji baridi, linachomekwa hapo hapo. Lililolazwa linahitaji kusimamishwa saa kadhaa, na mimi husema usiku mzima, kabla ya kuwashwa. Likiharibika, dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye risiti humtaka mnunuzi alirejeshe dukani, yaani alivushe bahari kwa nauli yake, alisubiri, kisha alivushe tena. Familia yetu imewahi kupitia hayo na duka moja ambalo sitalitaja, na gharama za kulipeleka na kulirejesha zilikaribia thamani ya kifaa chenyewe kilichokuwa kibovu. Dhamana ya namna hiyo haimsaidii mtu wa Micheweni. Kwa hiyo katika kulinganisha, friji la bei ya juu kidogo ambalo fundi wa Chake Chake analijua na vipuri vyake vipo, linashinda la bei ya chini ambalo kila kitu chake kiko ng'ambo. Mafundi nao wawe macho na aina ya gesi. Mafriji mengi ya sasa yana R600a, ambayo huwaka moto, na kuyachomelea kwa moto wazi kabla ya kuitoa gesi ni kuhatarisha nyumba nzima. Hayafai pia kujazwa R134a ya mafriji ya zamani, kwani kompresa haikuundwa kwa gesi hiyo.

Televisheni sina mengi ya kusema juu yake. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, basi ya inchi 43 ina sentimita 109 hivi kwa mshazari. Kulipia 4K, yaani picha ya nukta nyingi zaidi, kwenye kioo cha inchi 32 kinachotazamwa kutoka upande wa pili wa ukumbi ni kupoteza pesa. La muhimu ni kuuliza kama ina kipokezi cha DVB-T2, kwa sababu iliyoundwa kwa soko la Japani hutumia mfumo mwengine wa kidijitali na haitashika matangazo yetu kwa antena bila ya king'amuzi.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawatazisoma herufi na namba hizi. Nawakumbusha kwamba mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotangaza kuzizima simu bandia, watu wa mjini na shamba, hata wazee, walibonyeza *#06# na kuikagua namba ya utambulisho wa simu zao (IMEI), kwa sababu walielezwa kwa lugha yao ni kitu gani cha kutazama na kwa nini. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina uwezo wa kuandaa karatasi moja ya mfano: volti na hezi, daraja la joto, uniti kwa mwaka, aina ya gesi, mwaka wa kuundwa pale unapojulikana, na mahali dhamana inapotekelezwa kwa Unguja na kwa Pemba. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ingeweza kuitaka karatasi hiyo ibandikwe, na kibandiko kilichofutika kiandikwe wazi kwamba kimefutika, ili mnunuzi aamue akiwa anajua.

Wenye maduka hawana haja ya kungoja amri. Naomba waanze na jambo dogo wakati haya makubwa yakizungumzwa: wayaache mafriji yao mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na wamruhusu mnunuzi azunguke nyuma na tochi yake bila ya kuharakishwa.

Wako msomaji,
Chake Chake, Pemba