Bwawa tunalo, sasa tunaomba nyaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu umeme.

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, uwashwe mwanzoni mwa 2024, habari ya mjini ni megawati. Mitambo tisa, megawati 2,115. Najivunia bwawa hilo kama Mtanzania yeyote. Lakini umeme ulioko Rufiji hauivishi maharage hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, mpaka ufikishwe.

Mtaani kwetu ikigonga saa moja jioni umeme unakuwa mdogo. Taa zinafifia, friji inanguruma bila kuwaka, fundi wa kuchomelea anafunga kazi. Sababu tunaiona kwa macho: transfoma iliyofungwa wakati nyumba zikiwa za kuhesabu ndiyo hiyohiyo inayobeba mtaa mzima leo, na nyumba za mwisho zinavuta waya kutoka nguzo za mbali. Jirani yangu alinunua jiko la presha la umeme. Asubuhi linapika vizuri kabisa. Jioni anachoka kusubiri, anawasha mkaa, na simlaumu hata kidogo. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kwa transfoma hizi, gunia la mkaa halitoki jikoni.

Nchi nyingi duniani nazo zinalenga kwamba, ifikapo katikati ya karne hii, gesijoto (hewa zinazoipasha dunia joto) zinazotolewa zisizidi zile zinazoondolewa hewani. Kwa vitendo, vinavyotumia mkaa na dizeli vihamie kwenye umeme safi, kama treni ya umeme ya SGR, reli yetu mpya, inayofika hapa Dodoma. Kila kinachohamia ni mzigo mpya kwenye nyaya.

Kwa hiyo njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 ya Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, ipewe uzito uleule uliopewa bwawa. Umeme uleule, ukipita kwenye waya uleule kwa kilovolti 400 badala ya 220, unaopotea njiani hushuka hadi kama asilimia 30 ya ule wa awali. Tusisahau Singida pia. Upepo wake unafahamika, na njia kuu ya kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita palepale. Mwishoni mwa 2022 maji yalipopungua mabwawani tuliingia kwenye mgawo. Umeme wa upepo ukiwa kwenye gridi ya taifa, upepo ukivuma tunatunza maji ya bwawa la Mtera. Ukitulia, maji yanafanya kazi.

Bajeti ya nishati inasomwa bungeni, hapahapa Dodoma. Nawaomba wabunge wetu safari hii wasiishie kuuliza megawati ngapi zimeongezeka. Waulize transfoma ngapi zitabadilishwa, kata kwa kata, na lini, kisha majibu hayo yabandikwe kwenye ofisi za watendaji wa kata tuyasome.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma